Walitangaza dhahabu, mwanga ukaonyesha strontiamu

Dhahabu haikuonekana. Nalitanguliza hilo kwa sababu mwaka 2017 vichwa vya habari kila pembe ya dunia viliimba dhahabu, na hadi leo wapo wanaoamini kuna mtu aliyeiona iking'aa ndani ya darubini.

Agosti 17 mwaka huo, mitambo ya LIGO nchini Marekani ilinasa mawimbi ya mvutano kutoka kwa nyota mbili za nyutroni zilizozungukana mpaka zikagongana. Nyota ya aina hiyo ni kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka: inalishinda Jua kwa uzito, ilhali upana wake ni kilomita 20 hivi. Sekunde 1.7 baada ya mgongano, satelaiti ya Fermi ikaona mmweko wa mionzi ya gama. Kabla siku haijaisha, darubini ya Swope huko Chile ikakuta nukta mpya ya mwanga katika galaksi NGC 4993, umbali wa miaka nuru milioni 130 hivi.

Nyota hujipatia nishati kwa kuunganisha viini vyepesi, lakini kazi hiyo hukwama kwenye chuma. Kupita hapo, kuunganisha hula nishati badala ya kuitoa. Inabaki njia ya kiini kumeza nyutroni. Nyota kongwe hufanya hivyo polepole. Mwaka 1952 mwanaastronomia Paul Merrill aliona ndani ya nyota za namna hiyo teknetiamu, elementi inayooza upesi mno kuweza kuwa ya tangu nyota ilipozaliwa. Basi ilipikwa humo humo. Dhahabu, platinamu na urani, kwa sehemu kubwa, hutaka mafuriko ya nyutroni kufumba na kufumbua, kama yale yanayotarajiwa nyota za nyutroni zinapogongana.

Nukta ile ya mwanga ilianza buluu, ikawa nyekundu ndani ya siku chache, kama mahesabu yalivyotabiri kwa mabaki yenye elementi nzito. Ushahidi mzuri, ila wa jumla. Kila elementi huacha alama zake katika mwanga, lakini nyingi kati ya zile nzito zina alama maelfu, na mabaki yalitawanyika kwa kasi kubwa hata alama zikapanuka na kufunikana. Mwaka 2019 mwanaastronomia Darach Watson na wenzake walifaulu kutenga moja: strontiamu, ile ile inayotia fataki wekundu. Nani angeuza gazeti kwa strontiamu? Kwangu, hiyo ndiyo iliyokuwa habari.

Tena huenda migongano haifanyi peke yake kazi ya kuzalisha elementi nzito. Mwaka 2025 watafiti walipekua upya kumbukumbu za mlipuko wa Desemba 2004 kutoka SGR 1806-20, nyota ya nyutroni yenye usumaku mkali ajabu. Wakahitimisha kwamba mionzi ya gama iliyochelewa kufika inalingana na elementi nzito zilizotoka kuzaliwa, bila nyota yoyote kugonga nyingine. Mionzi hiyo ilikuwa imesharipotiwa. Ilikaa miaka 20 bila maelezo.