Nakivale: jirani hufika kabla ya daktari

Mabasi yanayotoka kituo cha Nyakabande, wilayani Kisoro, huwashusha abiria wake Kabazana, penye mapokezi ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Wengi wao ni Wakongo waliovuka mpaka wa Bunagana wakikimbia vita vya Kivu Kaskazini. Kabazana watoto huchanjwa, na mkono wa kila mtoto mdogo hupimwa kwa mkanda wa rangi kuona kama ana utapiamlo. Kazi hiyo ni ya watumishi waliosomea. Ugumu huanza siku familia inapopewa kiwanja na kuondoka na turubai, sufuria na jembe kwenda kijiji ambacho haijui hata kituo cha afya kiko upande gani.

Hapo ndipo wanapoingia watu ambao Uganda nzima inawaita VHT, yaani timu za afya za vijiji. Mpango huu wa serikali ulianza mwaka 2001. Hawa ni watu wa kujitolea wanaochaguliwa na wanakijiji wenzao, na katika makazi mengi wao ni wakimbizi vilevile. Hupita nyumba kwa nyumba. Humuuliza mama kama mtoto anaharisha, humweleza jinsi ya kuchanganya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, humpima aliye na homa na kumwelekeza kituoni aliyezidiwa. Malipo yao ni posho ndogo, pale inapopatikana. Kwa mzigo wanaoubeba, neno kujitolea linaficha mengi.

Nakivale si kambi ya jana. Ipo wilaya ya Isingiro, takribani kilomita 60 kutoka mji wa Mbarara, na ilianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Watutsi walipokimbia Rwanda. Leo inahifadhi watu zaidi ya 150,000: Wakongo, ambao ndio wengi, kisha Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Vijiji vyake vinapita 70, katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Ziwa liko karibu, mbu hawakosi, na malaria ni miongoni mwa magonjwa yanayojaza foleni za vituo vya afya. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006 mkimbizi ana haki ya huduma za msingi, na Waganda wa vijiji vya jirani hutibiwa katika vituo hivyohivyo.

Haki hiyo ina mlango mmoja mwembamba, nao ni lugha. Muuguzi wa Isingiro husema Runyankole na Kiingereza. Mgonjwa kutoka Rutshuru husema Kinyabwisha au Kiswahili, na Kiswahili chenyewe cha Kongo kina njia zake. Mkongo akisema anamtafuta munganga anataka daktari wa hospitali. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kudhani anatafuta mganga wa kienyeji. Msomali hana hata daraja hilo la Kiswahili. Ndiyo maana mkalimani katika kituo cha afya anahitajika kama anavyohitajika mtu wa maabara. Bila yeye, maumivu ya kifua huandikwa maumivu ya tumbo, na mama anaondoka na vidonge asivyojua vimezwe mara ngapi.

Ugonjwa ukizidi, rufaa ni kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mbarara, ambayo pia ndiyo wanakofundishwa madaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Gari la wagonjwa humfikisha mgonjwa. Lakini Uganda, kama kwingi katika ukanda huu, hospitali ya umma hutegemea ndugu wa mgonjwa: yeye ndiye wa kupika, kufua, kutandika kitanda na kutoka kwenda duka la dawa pale dawa inapokosekana wodini. Ada katika hospitali za serikali zilifutwa mwaka 2001, ila nauli, chakula na dawa ya dukani havikufutwa. Aliyefika Nakivale wiki mbili zilizopita ana ndugu gani wa kumwachia watoto? Mara nyingi jibu ni jirani wa kijiji kipya, ambaye naye alifika mwaka juzi.

Kwamba jirani anaweza kutibu, na si kusindikiza tu, kulithibitishwa hapahapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifanywa Nakivale na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, pamoja na wenzao wa Mbarara. Wakimbizi wa kawaida wasio na shahada ya saikolojia walifundishwa kwa wiki chache tu, kisha wakawahudumia wengi kati ya Wanyarwanda na Wasomali 277 walioumizwa kiakili na vita. Miezi tisa baadaye, takribani asilimia 70 ya waliosaidiwa kusimulia maisha yao hatua kwa hatua hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Katika kundi ambalo halikupewa tiba, walikuwa kama asilimia 37.

Matokeo hayo ni ya zamani. Fedha ndizo tatizo la sasa. Mapema mwaka 2025, wakati waasi wa M23 walipoteka Goma na Bukavu, Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Mwezi Mei Shirika la Chakula Duniani likaacha kuwapa chakula wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda. Kwa VHT maana yake ni rahisi kueleza na ngumu kubeba: mgonjwa wa kifua kikuu anaulizwa kama amemeza dawa, naye anajibu kwamba dawa ipo, hajala.

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliipokea Kongo mwaka 2022, na Julai mwaka huohuo baraza la mawaziri la Uganda likaridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya na kifundishwe kwa lazima shuleni. Wanafunzi hao bado wako madarasani. Wodini Mbarara, kwa sasa, anayetafsiri ni mara nyingi mgonjwa wa kitanda cha pili.