BETRI CHAKAVU NA SUMU YA RISASI: KIBANDIKO KINASEMA NUSU TU YA HATARI

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunazungumza na wakazi wa Manzese, na wa mitaa mingine inayofanana nayo, juu ya madini ya risasi. Hatusemi risasi ya bunduki tu. Tunasema madini yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu, yaliyomo ndani ya betri ya gari, ya bajaji na ya umeme wa jua. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi.

Manzese iko kandokando ya Barabara ya Morogoro. Malori yanayotoka bandarini kwenda mikoani, Zambia na Kongo hupita katika jiji hili. Mengine yamebandikwa vibandiko vya pembe nne vilivyosimama kwa ncha, vyenye picha na namba. Hizo si nakshi. Ni lugha ya hatari, na inafaa kila familia ijue kuisoma kidogo.

RISASI IMEGAWANYWA VIPI?

Tangu mwaka 1956 Umoja wa Mataifa hutoa mwongozo wa kusafirisha bidhaa za hatari. Bidhaa hizo zimegawanywa katika makundi 9, na kila bidhaa ina namba yake ya tarakimu nne. Risasi haina kundi moja, kwa sababu kila ikichanganyika na kitu kingine hubadilika tabia. Tuone mifano:

- Azidi ya risasi, inayotumika katika viwashio vya baruti, ni namba 0129. Iko kundi la 1, la vitu vinavyolipuka.
- Naitreti ya risasi ni namba 1469. Iko kundi la 5.1, la vitu vinavyochochea moto, na pia ni sumu.
- Asetati ya risasi ni namba 1616. Iko kundi la 6.1, la sumu. Kibandiko chake kina fuvu la kichwa na mifupa miwili.
- Betri ya gari yenye maji yake ni namba 2794. Iko kundi la 8, la vitu vinavyounguza. Picha yake huonyesha maji yakidondokea mkono na kipande cha chuma, vyote vikiliwa.

Je, misombo ya risasi isiyotajwa kwa jina inapimwaje? Unga wake huchanganywa na tindikali hafifu ya hidrokloriki, sehemu 1 ya unga kwa sehemu 1,000 za tindikali, ukakorogwa saa 1 katika joto la nyuzi 23 hivi. Ikiwa kinachoyeyuka kinazidi asilimia 5, unga huo ni sumu, na namba yake ni 2291. Ikiwa ni asilimia 5 au pungufu, huhesabiwa kuwa hauyeyuki, na husafirishwa bila masharti hayo, isipokuwa kama una hatari nyingine.

Tindikali hiyo ya hidrokloriki ni ya namna ileile inayotengenezwa na tumbo la binadamu. Kwa hiyo swali la watu wa mizigo ni swali letu sisi wauguzi pia: mtu akimeza, je, itayeyuka iingie katika damu?

KIBANDIKO KISICHOTAJA RISASI

Sasa angalieni betri tena. Imewekwa kundi la 8 kwa sababu ya tindikali yake, siyo kwa sababu ya risasi. Kanuni za usafirishaji zinamlinda dereva, mpakiaji na mpita njia siku ya ajali. Tindikali huunguza ngozi na macho papo hapo, hivyo imetangulizwa. Risasi huumiza polepole, kwa miezi na miaka, na picha ile ya mkono haiitaji.

Hapa ndipo penye mtego. Anayenunua betri chakavu huzipasua, akamwaga maji yake mtaroni, akapakia zilizobaki kwenye guta au mkokoteni. Betri zimekuwa nyepesi, nguo hazitaungua, naye huona hatari imekwisha. Kumbe kilichokwisha ni hatari ile iliyochorwa kwenye kibandiko. Sahani za risasi zimebaki, na ule uji mzito unaozizunguka ukikauka huwa vumbi. Maji yaliyomwagwa nayo yamebeba risasi hadi kwenye udongo wa mtaro wanakocheza watoto.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za taka hatarishi za mwaka 2021 zinataka taka za namna hii zishughulikiwe kwa kibali. Lakini kibali hakiwezi kuona kila uani. Manzese nyumba zimebanana, na uani mmoja ni karakana, jiko na uwanja wa watoto. Ulinzi wa kwanza ni wa wenye nyumba wenyewe.

YALIYOTOKEA KWA JIRANI ZETU

Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi katikati ya makazi ya watu wapatao 3,000 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mama mmoja aliyefanya kazi kiwandani hapo, Phyllis Omido, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi katika damu. Aliongoza wenzake kudai haki, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa katika rufaa mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ya Kenya ikaurudisha Desemba 2024. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wakikua na sumu mwilini.

Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, hapakuwa na kiwanda kikubwa. Watu walipasua betri na kuchekecha mchanga wenye risasi ili wauze. Kati ya mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa mwaka 2008 watoto 18 walifariki.

RISASI INAFANYA NINI MWILINI?

Mtoto mdogo hutambaa, hushika udongo, hutia vidole mdomoni. Tena tumbo lake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko la mtu mzima. Risasi ikiingia huharibu ubongo unaokua, hupunguza damu na kuumiza figo. Hujificha katika mifupa kwa miaka mingi, na mama akipata mimba hutoka humo ikamfikia mtoto tumboni.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kisicho na madhara. Mtoto akikutwa na mikrogramu 5 katika desilita 1 ya damu, ni lazima chanzo kitafutwe na kuondolewa. Gawa gramu 1 mara milioni, uchukue vipande 5: ndiyo mikrogramu 5.

Dalili mara nyingi hazionekani mapema. Zikitokea, ni tumbo kuuma, kufunga choo, kukosa hamu ya kula, kupauka, hasira za mara kwa mara, kuchelewa kusema na kuwa mzito wa masomo. Sumu ikizidi huja degedege na kupoteza fahamu. Wengi hudhani ni malaria, wengine husema ni mashetani. Mtoto wa degedege apelekwe hospitali haraka, na mzazi amweleze daktari wazi kama nyumbani au jirani kuna kazi ya betri. Si kila zahanati ina kipimo cha risasi, na bila neno hilo la mzazi daktari anaweza asifikirie kukitafuta.

TUFANYE NINI?

1. Msipasue betri nyumbani wala kumwaga maji yake. Irudisheni nzima kwa muuzaji au kwa mnunuzi mwenye kibali.
2. Mkiisafirisha, isimame wima ndani ya beseni la plastiki, vichwa vyake vimefunikwa visigusane na chuma. Isipakiwe pamoja na chakula, wala mtoto asiikalie.
3. Msiyeyushe risasi ya chubwi za uvuvi kwenye jiko la chakula. Sufuria iliyoyeyushia risasi isipikie tena.
4. Fundi aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo zake zifuliwe peke yake.
5. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Kufagia pakavu hulirusha hewani.
6. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.
7. Wapeni dagaa, maharage, mboga za majani na maziwa. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na chokaa hufyonza risasi zaidi.

Tuongeze neno kwa mafundi. Wengi huamini kwamba glasi ya maziwa jioni huondoa sumu ya kazini. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaitoi risasi iliyokwisha kuingia mwilini. Dawa za kuitoa zipo hospitalini kwa waliozidiwa, nazo haziurudishi ubongo ulioharibika.

Basi, ndugu wasomaji, mkiona kibandiko cha mkono unaoungua juu ya betri, kumbukeni na lile fuvu ambalo halikuchorwa. Na mahali pa kwanza pa kulikumbuka ni uani kwenu, kabla watoto hawajatoka kucheza.