Miraba minne bila kunyanyua vyuma

Kwa mchuuzi anayebeba magunia mpakani Rusumo, au mkimbizi aliyerejea kulima, mwili ndio mtaji. Kuujenga hakuhitaji vyuma. Piga pushapu, chuchumaa na kuinuka, jivute kwenye tawi la mwembe, mara 3 kwa wiki. Ukifikisha 20 bila taabu, beba mfuko wa mchanga mgongoni.

Lakini mazoezi bila chakula ni kujimaliza. Misuli hukua wakati wa kupumzika, ukila kuliko unachotumia. Mwenye kilo 60 anayejenga misuli anahitaji takriban gramu 100 za protini kwa siku: maharage, ndagala, karanga, mayai, maziwa. Ugali wa muhogo peke yake hujaza tumbo, haujazi mkono.

Aliyekonda huku akikohoa kwa wiki 2, aanzie kituo cha afya.