Pumzi ya Mtoto na Chupa ya Dripu (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulimtazama mtoto mwenye malaria kali anavyohema. Kuhema huku si kwa mafua wala kwa pumu. Kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu, pua zinatanuka, na ukimwekea sikio mgongoni unasikia mapafu ni safi. Tulieleza pia kwamba mwaka 1995 Kevin Marsh na wenzake wa kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, Kilifi, pwani ya Kenya, walichapisha matokeo ya watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria. Dalili mbili tu, kupungukiwa na fahamu na kuhema kwa shida, zilionekana kwa zaidi ya watoto 8 katika kila 10 waliofariki. Kinachomfanya mtoto aheme hivyo ni asidi iliyorundikana katika damu. Mwili unajitahidi kuipunguza kwa njia ya pumzi, na mtoto anachoka kama mtu anayepanda mlima mbio huku amelala kitandani.

Leo tuanzie dukani.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mtoto wa pwani akipata homa, dawa ya kwanza ilitoka duka la jirani, na mara nyingi dawa hiyo ilikuwa aspirini. Mama alivunja kidonge, akakisaga kwa kijiko, akampa mwanawe. Homa ya malaria hushuka na kurudi, kwa hiyo jioni alimpa tena, na usiku tena. Hapo ndipo hatari ilipojificha. Dawa nyingi, ukizidisha, mwili huongeza kasi ya kuzitoa. Aspirini sivyo: ini lina uwezo wenye kikomo wa kuishughulikia, na kikomo kikifikiwa, dawa inayoingia hukuta ya jana bado ipo. Nusu kidonge cha siku ya kwanza si sawa na nusu kidonge cha siku ya tatu, ingawa kwa macho ya mama ni kilekile.

Sasa tazama inavyofanya kazi ikizidi. Huchochea sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji, mtoto akaanza kuhema kwa kina. Huvuruga namna seli zinavyochoma chakula, asidi ikaongezeka. Sukari ya damu hushuka. Mwisho huja degedege, ile ambayo wazee wa pwani huiita nyuni, kisha fahamu hupotea. Hayo yote ni malaria kali herufi kwa herufi. Daktari aliyesimama mbele ya mtoto huyo hana namna ya kujua kwa macho kipi ni kimelea na kipi ni kidonge.

Mike English, daktari wa watoto aliyekuwa Kilifi, pamoja na wenzake, waliamua kupima. Walichukua damu ya watoto waliolazwa wakiwa na dalili za malaria kali, wakatafuta aspirini ndani yake. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1996: watoto walio wengi walikuwa nayo katika damu, na wachache walikuwa nayo kwa kiwango cha sumu. Uingereza ilikwisha kushauri tangu 1986 kwamba watoto wadogo wasipewe aspirini, kwa sababu ya ugonjwa wa Reye unaoharibu ini na ubongo. Kilifi ilikuja na sababu yake yenyewe, iliyopatikana katika damu ya watoto wake.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa kuwa ndilo mlango wa hadithi ya dripu. Tumezoea kudhani kuwa sumu ni kitu kibaya kilichofichwa kwenye chupa yenye alama ya fuvu: dawa ya panya, dawa ya mimea, mafuta ya taa. Aspirini ilikuwa kitu kizuri kilichotolewa na mikono yenye mapenzi. Je, maji yenye chumvi kidogo, yaliyo safi kuliko maji yoyote anayokunywa mtoto nyumbani, nayo yanaweza kuua?

Nilipokuwa tabibu kijana katika hospitali ndogo, nilifundishwa hivi: mtoto akiletwa miguu baridi, mapigo ya mkononi hafifu, unabonyeza ukucha wa kidole gumba, unaachia, unahesabu. Rangi ya waridi isiporudi kabla ya sekunde tatu, damu haifiki viungoni. Fungua dripu, iende mbio. Mililita 20 kwa kila kilo ndani ya saa moja, na asipoamka, rudia. Nimefanya hivyo mara nyingi. Naikumbuka sauti ya gurudumu dogo la mrija likifunguliwa, na matone yakageuka kuwa mchirizi mmoja. Ilikuwa faraja kwetu sote, mama akiwamo, kwa sababu kitu kilikuwa kinafanyika.

Kathryn Maitland, daktari wa watoto kutoka Uingereza na profesa wa Imperial College London, alifika Kilifi baada ya kufanya utafiti wa malaria katika visiwa vya Vanuatu. Swali lake lilikuwa lile la asidi: mtoto huyu anayehema, je, damu yake ni pungufu, na maji yatamsaidia? Alianza kwa majaribio madogo. Katika lile lililochapishwa mwaka 2005, watoto wenye malaria kali waligawanywa, wengine wakapewa maji ya chumvi na wengine albumini, ambayo ni protini ya damu ya binadamu. Waliopewa maji ya chumvi walifariki 11 kati ya 61. Waliopewa albumini walifariki 2 kati ya 56. Mtafiti mwingine angeishia hapo, akazunguka dunia akiisifu albumini. Maitland aliona idadi ni ndogo mno, akaomba jaribio kubwa.

Jaribio hilo liliitwa FEAST. Lilianza mwaka 2009 katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza nchini Tanzania, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto wenye homa kali na damu isiyofika vizuri viungoni waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. La kwanza lilipewa albumini kwa haraka, la pili maji ya chumvi kwa haraka. La tatu halikupewa dripu ya haraka. Lilipewa maji ya kawaida ya polepole, dawa za malaria, antibiotiki, sukari, oksijeni, na damu kwa aliyeihitaji. Watoto wenye utapiamlo mkali na wale wa kuharisha hawakuingizwa, na msomaji alishike hili: mtoto aliyepoteza maji kwa kuharisha anahitaji maji, na hakuna neno katika makala haya linalopinga hilo.

Kundi la tatu lilizua maneno. Walikuwapo walioona ni dhuluma kumnyima mtoto kitu ambacho London au Boston angepewa bila kuuliza. Na kibali kitatolewaje? Mama aliyebeba mtoto anayezimika hawezi kukaa akasoma karatasi kurasa nne. Palipokuwa na dharura ya namna hiyo, watafiti walipata ridhaa ya mdomo kwanza, tiba ikaanza, na maelezo kamili yakafuata mtoto akishatulia. Mimi naona walifanya haki. Kumsomesha mtu fomu wakati mwanawe anakata roho ni kuilinda ofisi, si kumlinda mama.

Januari 2011, kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu ilishauri jaribio lisimame. Watoto 3,141 walikuwa wameingia, wakati lengo lilikuwa 3,600. Ndani ya saa 48, katika kundi la albumini walifariki asilimia 10.6. Katika kundi la maji ya chumvi, asilimia 10.5. Katika kundi ambalo halikupewa dripu ya haraka, asilimia 7.3. Yaani katika kila watoto 100 waliofunguliwa ile mirija, watatu hivi walikufa ambao wangebaki. Na ile albumini iliyong'aa mwaka 2005 haikuwa na tofauti na chumvi.

Nilisoma matokeo hayo yalipochapishwa Mei mwaka huo, nikayasoma tena. Nilikumbuka lile gurudumu dogo. Sijui ni nani kati ya watoto niliowatibu alikuwa miongoni mwa hao watatu, na sitajua.

Wapinzani walisema hao ni watoto wa malaria, wana upungufu wa damu, wengine hawafanani nao. Lakini madhara yalionekana kwa wenye malaria na wasio nayo, kwa wenye damu pungufu na wenye ya kutosha. Wengi, nami nikiwamo, tulidhani maji yalijaa kwenye mapafu. Uchunguzi wa kifo kimoja kimoja, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa kilichowamaliza zaidi ni moyo na mzunguko wa damu kuanguka. Chukua mtoto wa kilo 12. Damu yake yote haifiki lita moja. Mililita 20 kwa kilo ni 240, karibu chupa ya soda, na hiyo ni robo ya damu yake. Ukirudia, umemwongezea nusu. Uchambuzi mpya wa takwimu hizo, wa mwaka 2019, uliongeza kipande kilichokosekana: dripu iliyapunguza makali ya damu yenyewe kwa kuichanganya na maji, na kloridi iliyomo kwenye ile chumvi iliongeza asidi. Mtoto aliyekuwa akihema ili atoe asidi tulimtilia nyingine kwenye mshipa.

Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo mwaka 2016: dripu ya haraka isitolewe kwa mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko hafifu. Mwenye zote tatu, mikono na miguu ya baridi, ukucha unaochelewa, na mapigo hafifu yaendayo mbio, apewe kidogo na taratibu, huku akiangaliwa. Mwongozo wa kimataifa wa maambukizi makali kwa watoto, wa mwaka 2020, nao unakataza dripu ya haraka pale pasipo na chumba cha wagonjwa mahututi, ikiwa shinikizo la damu la mtoto halijashuka.

Maitland hakuondoka wodini. Baada ya maji aligeukia damu: mtoto mwenye upungufu mkali apewe kiasi gani, na lini? Jaribio lililofanyika Uganda na Malawi, likachapishwa mwaka 2019, lilikuta kwamba jibu linategemea chombo kilichomo katika kila wodi na ambacho wengi wetu hatukukifikiria. Mtoto asiye na homa alinufaika na damu nyingi zaidi. Mwenye homa, damu hiyohiyo ilimdhuru. Juma lijalo tutaanza na kipimajoto.