Ukaazi, si uraia, ndio unaoamua nafuu ya kodi kwa Mtanzania anayefanya kazi nje ya nchi

Mkoa wa Songwe unapakana na Zambia, na kwa familia za Kata ya Isansa, wilayani Mbozi, kuvuka mpaka wa Tunduma kwenda kutafuta ajira si jambo geni. Swali linalojitokeza kila mwaka ni moja: je, mshahara uliokwisha kukatwa kodi Zambia utatozwa tena Tanzania?

Jibu linapatikana katika Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332. Sheria hiyo haiangalii pasipoti ya mtu, bali ukaazi wake katika mwaka husika wa mapato. Kwa hili Tanzania inatofautiana na Marekani, ambayo hutoza raia wake kodi ya mapato hata wanapoishi nchi nyingine.

Mtu binafsi huhesabiwa kuwa mkaazi iwapo ana makazi ya kudumu Tanzania na amekuwepo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka. Vilevile ni mkaazi iwapo amekuwepo nchini kwa siku 183 au zaidi katika mwaka huo, au kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka katika mwaka huo na miaka 2 iliyoutangulia. Mtumishi wa Serikali ya Tanzania aliyepangiwa kazi nje ya nchi hubaki kuwa mkaazi.

Kwa mfano, mwalimu anayefundisha Lusaka, lakini ana makazi yake ya kudumu Isansa na hurejea kwa wiki 2 za Krismasi, ni mkaazi. Mapato yake yote, ya ndani na ya nje, huingia katika hesabu ya kodi ya Tanzania. Mwenzake asiye na makazi ya kudumu nchini na asiyefikisha siku hizo si mkaazi. Yeye hutozwa Tanzania kwa mapato yanayotokana na Tanzania tu, kama vile pango la nyumba iliyopo Vwawa.

Ili mkaazi asibebe mzigo mara mbili, kifungu cha 77 kinamruhusu kudai nafuu kwa kodi ya mapato aliyolipa nje. Nafuu hiyo haiwezi kuzidi kodi ambayo mapato hayo yangetozwa Tanzania kwa kiwango cha wastani cha mlipakodi huyo.

Tuseme mapato yote ya mwalimu huyo ni mshahara wa Lusaka wenye thamani ya shilingi 12,000,000 kwa mwaka. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kodi yake Tanzania ni shilingi 1,536,000. Iwapo alilipa Zambia shilingi 1,000,000, atadaiwa tofauti ya shilingi 536,000. Iwapo alilipa shilingi 2,000,000, nafuu itaishia kwenye shilingi 1,536,000. Hatadaiwa zaidi kwa mapato hayo, wala Tanzania haitamrejeshea kilichozidi.

Nafuu hii inahusu kodi ya mapato pekee. Michango ya hifadhi ya jamii na kodi ya ongezeko la thamani aliyolipa dukani havihesabiwi.

Tanzania na Zambia zina mkataba wa kuepuka utozaji kodi mara mbili uliotiwa saini mwaka 1968. Mikataba ya aina hiyo ipo pia na nchi kama Afrika Kusini, India, Kanada na Sweden. Hata hivyo, kukosekana kwa mkataba hakumnyimi mkaazi haki ya nafuu iliyomo katika sheria ya nchi.

Kwa kuwa mwajiri wa nje hakati kodi kwa niaba ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), mfanyakazi mwenyewe anapaswa kuwa na TIN, kuwasilisha makadirio ifikapo Machi 31 na ritani ya mwaka ifikapo Juni 30 ya mwaka unaofuata. Vielelezo vya kodi aliyolipa nje, hasa stakabadhi na uthibitisho wa mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, vitunzwe tangu mwanzo, kwani dai lisilo na ushahidi ni vigumu kukubalika.

Wazazi waliobaki Isansa hawana sababu ya hofu. Fedha za matumizi wanazotumiwa na watoto wao si mapato ya ajira, biashara wala uwekezaji, na hazitozwi kodi ya mapato kwa mpokeaji.