Mashine Ndogo ya Kuchomelea Vyuma: Kanuni za Umeme Zikiwa Kazini

Kuna aina ya swali ambalo huwaangusha hata watahiniwa waliokariri kanuni zote. Ni swali linaloanza na kifaa badala ya kanuni. Mtahiniwa anajua P = VI, anajua H = I²Rt, anajua uwiano wa mizunguko ya transfoma, lakini akiulizwa kwa nini waya fulani umeungua, hajui aanzie wapi. Sehemu hii inachukua kifaa kimoja tu, mashine ndogo ya kuchomelea vyuma kwa rodi, na kukieleza kwa fizikia uliyosoma tangu Kidato cha Pili. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, lakini jambo ambalo hujalielewa huwezi kulieleza kwa lugha yoyote.

Kifaa hiki kimechaguliwa kwa sababu kimeingia majumbani. Zamani, mtu wa Moshi aliyetaka kuunga chuma alikipeleka gereji au kwa fundi wa mageti. Mashine yenyewe ilikuwa transfoma nzito ndani ya kasha la bati, mara nyingi nyaya zake zimezungushwa na fundi mwenyewe, na kuihamisha kulihitaji watu wawili. Siku hizi ipo ya kilo chache tu, inabebwa begani kwa mkanda. Utaikuta katika nyumba za Kibosho, Marangu au Machame ikiunga kichanja cha vyombo, banda la kuku, au fremu ya meza ya kuanikia kahawa. Na mara nyingi anayeambiwa aishike ni kijana aliyeko Kidato cha Nne, kwa kuwa "yeye amesoma umeme". Basi na asome kweli.

Kushusha volti, kupandisha ampea

Umeme wa majumbani Tanzania ni wa 230 V na 50 Hz. Volteji hii ni kubwa mno kushikwa mkononi, na mkondo ambao waya wa nyumba unaweza kuubeba ni mdogo mno kuyeyusha chuma. Kazi ya mashine ni kugeuza hali hiyo: kushusha volti na kupandisha ampea.

Ncha ya rodi ikigusishwa kwenye chuma kisha ikainuliwa milimita mbili au tatu, hewa iliyo katikati inageuka kuwa kipitisho cha umeme na linatokea tao la umeme. Kwa rodi ya 2.5 mm, fundi huweka mkondo wa karibu 80 A, na volteji kwenye tao huwa karibu 23 V. Nguvu yake ni:

P = VI = 23 × 80 = 1840 W

Hiyo ni sawa na birika la umeme, si zaidi. Lakini birika hutawanya joto hilo kwenye lita nzima ya maji, wakati tao hulimimina mahali padogo kuliko punje ya hindi. Joto la tao hupita nyuzi 5000 za sentigredi, na chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1500 na ushei. Ndiyo maana kinayeyuka mara moja.

Je, mashine inavuta kiasi gani kutoka ukutani? Tuchukue ufanisi wa asilimia 80. Nguvu inayoingia ni 1840 ÷ 0.8 = 2300 W, na mkondo ni 2300 ÷ 230 = 10 A. Angalia vizuri: 10 A inaingia, 80 A inatoka, na bado nishati haijaongezeka hata chembe. Kosa la kawaida katika majibu ni kuandika kwamba transfoma "inaongeza umeme". Inabadilishana volti kwa ampea, na katikati inapoteza kidogo kama joto. Katika mashine halisi mkondo wa ukutani hupanda zaidi ya hesabu hii, unaweza kufika 15 A au 16 A, na hilo litatuhusu tukifika kwenye nyaya.

Mwenye kuogopa LUKU naye afanye hesabu. Rodi moja huwaka kwa dakika moja hivi: 2300 W × sekunde 60 = 138 000 J. Uniti moja ni 3 600 000 J. Ni rodi 26 kwa uniti moja.

Kwa nini imekuwa nyepesi?

Hapa ndipo mada ya sumaku-umeme inapolipa. Kanuni ya Faraday inasema volteji inayozalishwa kwenye koili hutegemea idadi ya mizunguko na kasi ya kubadilika kwa uga wa sumaku unaopita ndani yake. Umeme wa ukutani hukamilisha mzunguko wake mara 50 tu kwa sekunde, mwendo wa pole sana. Ili kupata volteji ya kutosha kwa mwendo huo, transfoma ya zamani ililazimika kuwa na chuma kingi cha kubeba uga mkubwa, na nyaya nyingi za shaba. Uzito wote ule uliokuwa ukiwaumiza watu migongo ulitokana na tarakimu hiyo, 50.

Mashine ndogo, inayoitwa inveta, inakwepa tarakimu hiyo. Kwanza inageuza umeme wa ukutani kuwa mkondo mnyoofu kwa kutumia diodi, kama ulivyosoma kwenye elektroniki. Kisha transista zinaukata mkondo huo, kuuwasha na kuuzima makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kuupeleka kwenye transfoma. Kwa kuwa uga sasa unabadilika kwa kasi kubwa mno, transfoma ya kutoshea kwenye kiganja inatosha kufanya kazi ya ile ya watu wawili. Mwishoni diodi nyingine hugeuza kinachotoka kuwa mkondo mnyoofu tena, nao hufanya tao litulie. Ukiulizwa kwa nini transfoma haifanyi kazi kwa betri ya gari peke yake, jibu ni hilo hilo: mkondo wa betri haubadiliki, kwa hiyo hakuna volteji inayozalishwa kwenye koili ya pili.

Umeme wa mteremkoni

Nyumba za mlimani hazikupangwa kwa mistari. Kila moja imekaa katikati ya kihamba chake, ndani ya migomba na mibuni, na nyingine ziko mbali na transfoma ya mtaa. Waya mrefu una ukinzani mkubwa, na jioni watu wengi wanapotumia umeme pamoja, sehemu ya volteji hupotea njiani. Aliye mwisho wa laini anaweza kupata 180 V badala ya 230 V. Mashine ya zamani hapo inagoma: kama ilikuwa ikitoa 70 V kabla ya tao kuwaka, sasa inatoa 55 V tu, na rodi inanata kwenye chuma. Inveta yenyewe hujitahidi kutoa nguvu ile ile, kwa hiyo inavuta mkondo mkubwa zaidi: 2300 ÷ 180 = 12.8 A. Volti zikipungua, nyaya za nyumba zinazidi kupata moto. Wengi hudhani ni kinyume chake.

Kisha anakuja kijana na ekstensheni ya mita 40 ili akachomelee nyuma ya banda. Tuipime. Waya ni wa shaba wenye eneo la mkato la 1.5 mm². Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo urefu ni mita 80, si 40 (hapa maksi nyingi hupotea).

R = ρL/A = (1.7 × 10⁻⁸ × 80) ÷ (1.5 × 10⁻⁶) = 0.91 Ω karibu

Mkondo ukiwa 16 A, volteji inayopotea ni 16 × 0.91 = 14.6 V, na nguvu inayogeuka joto ndani ya waya ni I²R = 256 × 0.91 = 233 W. Waya ukiwa umetandazwa kwenye majani, joto hilo linasambaa. Ukiwa bado umezungushwa kwenye roli yake, joto lote linabaki ndani ya roli na plastiki inayeyuka kutoka katikati, mahali ambapo huoni. Ikunjue roli yote hata kama unahitaji mita tano tu. Kumbuka pia kwamba fyuzi ya plagi yetu ya pini tatu ni 13 A. Ikikatika mara kwa mara, inakuambia kitu. Anayeifunga kwa kipande cha waya ameondoa kilinzi kilichokuwa kikilinda nyumba.

Kile kibanio si ethi

Mashine ina nyaya mbili zinazotoka. Mmoja unashika rodi, mwingine una kibanio kinachobana kwenye chuma kinachoungwa. Mafundi wengi hukiita ethi, na jina hilo limewachanganya wanafunzi. Ethi ya kweli ni waya wa kijani na njano unaounganisha kasha la mashine na ardhi, ili hitilafu ikitokea mkondo upite huko badala ya kupita kwako. Kibanio kinafanya kazi nyingine: kinakamilisha saketi. Mkondo wa 80 A unatoka kwenye rodi, unapita kwenye tao na chuma, na lazima urudi mashineni.

Njia ya kurudi ina maana kubwa. Ukichomelea keria ya pikipiki na kubana kibanio kwenye gurudumu, mkondo utarudi kupitia mipira midogo ya beringi na kuiharibu. Bana karibu kabisa na unapochomelea, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu, na uondoe kwanza nyaya za betri ya pikipiki.

Je, na mwili wako? Kabla tao halijawaka, kati ya rodi na chuma kunaweza kuwa na volti 50 hadi 80. Ngozi kavu ina ukinzani mkubwa na huenda usihisi kitu. Lakini mlimani udongo huwa na unyevu, ukungu unashuka, na jasho linalowesha glovu halikosekani. Ukinzani wa mwili uliolowa unaweza kushuka hadi karibu 1000 Ω: 70 ÷ 1000 = 0.07 A, yaani 70 mA. Swichi za kinga za majumbani hutegwa zikate umeme unapovuja 30 mA tu, kwa sababu zaidi ya hapo moyo uko hatarini, na swichi hiyo haioni kinachotokea upande wa rodi. Ubao mkavu chini ya miguu, viatu vya soli ya mpira na glovu kavu za ngozi ndivyo vinavyoongeza ukinzani kwenye hesabu. Mvua ikianza, kazi inaahirishwa.

Rodi, moshi na mwanga

Wahunzi wa Mamba, karibu na Marangu, huunga chuma bila kukiyeyusha: hukilainisha kwenye makaa na kukigonga kwa nyundo mpaka vipande vishikane. Rodi inafanya vingine. Ncha yake inayeyuka pamoja na chuma, na utando ulioizunguka unaungua na kutoa gesi inayoifukuza hewa ili oksijeni na nitrojeni zisiharibu kiungo. Mabaki ya utando huganda juu kama gamba jeusi, nawe huligonga likatoka. Utando ukifyonza unyevu, maji hupasuliwa na joto la tao, hidrojeni inaingia kwenye chuma, na kiungo kinakuwa na matundu kama mkate. Pakiti ikifunguliwa, rodi zikae kwenye kopo lenye kifuniko.

Rodi ya kawaida madukani ina maandishi E6013. Tarakimu 60 zinaeleza uimara wa kiungo kikivutwa (pauni 60 000 kwa inchi ya mraba), 1 kwamba inafaa kuchomelea kwa mkao wowote, na 3 ikisomwa pamoja na 1 hueleza aina ya utando na mkondo. Inafaa kwa mabomba ya mraba na nondo. Haifai kwa chuma cha kusubu, kama sehemu za mashine za zamani za kumenyea kahawa, ambacho hupasuka kikipoa.

Mabomba ya mabati yana jambo lake. Zinki iliyoyapaka huchemka kwenye nyuzi 907, chini kabisa ya joto la tao, na moshi wake mweupe ni oksidi ya zinki. Aliyeuvuta hujisikia mzima, kisha saa kadhaa baadaye anatetemeka kwa homa na kuumwa viungo. Mtu wa Moshi atafikiri ni malaria. Akapime, ndiyo, lakini amweleze daktari alichokichomelea mchana. Kinga ni kukwangua zinki kwanza, kufanya kazi nje, na kukaa upande upepo unakotoka.

Mwanga wa tao una mionzi ya urujuanimno, ile iliyo upande wa mawimbi mafupi kwenye jedwali la mawimbi ya sumaku-umeme. Huihisi inapoingia jichoni. Maumivu huja usiku, kama mchanga umemwagwa machoni. Miwani ya jua haitoshi. Kioo cha kinyago kiwe namba 10 au 11 kwa mkondo tunaouzungumzia, na wadogo zako wanaopenda kutazama wawe mbali. Mtaani utaambiwa uweke maziwa au kipande cha kiazi. Hayo huongeza vijidudu tu. Nenda kituo cha afya. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina idara ya macho.

Na pipa lililowahi kubeba petroli lisiguswe, hata likiwa tupu. Tupu maana yake ni kwamba limejaa mvuke uliochanganyika na hewa.

Maswali ya kujipima

1. Transfoma ya kuchomelea ina mizunguko 460 kwenye koili ya kwanza iliyounganishwa na 230 V, na mizunguko 140 kwenye koili ya pili. Tafuta volteji ya koili ya pili.

2. Rudia hesabu ya ekstensheni ya mita 40 kwa waya wa 4 mm², mkondo ukiwa 16 A. Tafuta ukinzani, volteji inayopotea na nguvu inayopotea.

3. Mwanafunzi ameandika: "Kibanio kinazuia shoti kwa sababu ni ethi." Sahihisha sentensi hiyo kwa kuchora saketi.

4. Fremu ya mraba iliyochomelewa kona moja mpaka mwisho kabla ya kona nyingine imepinda. Eleza kwa kutumia kutanuka na kusinyaa kwa yabisi, na useme kwa nini fundi hushikiza kona zote nne kwa nukta ndogo kwanza.

Majibu ya hesabu: (1) 70 V. (2) 0.34 Ω, 5.4 V, 87 W.