Mkono Una Mifupa Mingapi? Maswali ya Mwili wa Binadamu kwa Kiswahili

Katika ukurasa huu wa lugha ya taaluma tunazungumzia jambo linalowahusu hasa wanafunzi wa uuguzi, ukunga na afya ya jamii wanaosoma Kiswahili kama somo la ziada, pamoja na wale wa Idara wanaojiandaa kuwa wakalimani. Hapa Uganda masomo ya anatomia na fiziolojia hufundishwa kwa Kiingereza, na wanafunzi hawa wanayajua vizuri. Lakini ukiwapa swali lile lile kwa Kiswahili baadhi yao hukwama. Wengine hutoa jibu sahihi kabisa, ila ni la swali ambalo hawakuulizwa.

Tuanze na swali fupi: Mkono una mifupa mingapi? Mwanafunzi mmoja anaandika 27, mwingine anaandika 30. Wote wawili wamehesabu vizuri. Wa kwanza ameanzia kwenye kifundo cha mkono: mifupa midogo 8 ya kifundo, 5 ya kiganja na 14 ya vidole. Wa pili ameanzia begani, kwa hiyo ameongeza mfupa mmoja wa mkono wa juu na miwili ya kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kisugudi na kifundo. Mwalimu akimkata mmoja wao alama atakuwa amemwonea, kwa sababu kosa limo ndani ya swali. Kwa Kiswahili cha kila siku mkono ni kuanzia begani hadi ncha za vidole, na pia ni ile sehemu ndogo tu unayompa mwenzako mnaposalimiana.

Mguu nao ni hivyo hivyo. Kuanzia kwenye paja ni mifupa 30. Kuanzia kwenye kifundo kwenda chini ni 26. Mwanafunzi anayezungumza Luganda hushangaa kidogo hapa, maana kwao okugulu ni kitu kimoja na ekigere ni kingine, na hakuna anayevichanganya. Kwa Kiswahili mtu aliyejikwaa kidole na mtu aliyevunjika paja wote husema, "Nimeumia mguu." Neno wayo lipo, lakini kwenye zahanati ni nadra kulisikia. Ndiyo maana swali zuri la mtihani, na swali zuri kwa mgonjwa, hutaja mipaka: kuanzia wapi hadi wapi.

Lakini katika maneno yote ya mwili hakuna linalosumbua kama mshipa. Kwa matumizi ya kawaida mshipa ni njia ya damu, iwe inatoka moyoni au inarudi. Mshipa pia ni neva, ndiyo maana wengine husema mishipa ya fahamu. Kano inayounganisha msuli na mfupa, ile inayoonekana nyuma ya kisigino, nayo watu wengi huiita mshipa. Na kama hayo hayatoshi, mshipa ni ugonjwa: mzee akikuambia kwa sauti ya chini kwamba ana mshipa, mara nyingi anamaanisha ngiri au busha, na ukianza kumpima shinikizo la damu hamtaelewana. Hivi ni vitu vinne tofauti kabisa. Kwa hiyo katika uandishi wa kitaaluma tunashauri mshipa utumike kwa njia za damu tu, na hata hapo useme ni ateri au ni vena. Neva iitwe neva, na kano iitwe kano. Maneno haya si mageni. Watunga kamusi za sayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishughulikia istilahi za aina hii tangu zamani, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitoka mwaka 1990.

Sasa tuone swali linalowaangusha wengi: Ateri inayotoka moyoni kwenda mapafuni imebeba damu ya namna gani? Wengi hujibu haraka kwamba ni damu safi, kwa sababu wamekariri kuwa ateri hubeba damu safi na vena hubeba damu chafu. Jibu hilo si sahihi. Ateri haitambuliwi kwa damu iliyomo. Inatambuliwa kwa mwelekeo wake: hutoa damu moyoni kuipeleka kwingine. Vena huirudisha moyoni. Damu inayokwenda mapafuni imetoka kuzunguka mwilini, imeacha sehemu ya oksijeni yake huko na kuchukua kabonidayoksaidi, na inakwenda mapafuni ili ibadilishane hewa. Kwa hiyo ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni kidogo, na vena za mapafu hurudisha damu yenye oksijeni tele. Wakunga wana mfano mwingine. Katika kamba inayomuunganisha mtoto na kondo kuna ateri mbili na vena moja, na ni ile vena inayompelekea mtoto oksijeni na chakula kutoka kwa mama.

Hapa lugha ndiyo iliyompoteza mwanafunzi. Maneno damu safi na damu chafu yalitumiwa na walimu kwa nia njema, ili somo liwe jepesi. Lakini kwa Kiswahili cha mtaani damu chafu ni ya mtu mwenye majipu au vipele, au aliyeambukizwa ugonjwa. Damu ya kwenye vena haina uchafu wowote. Tena haijaishiwa oksijeni: mtu akiwa ametulia, damu inayorudi moyoni bado ina karibu robo tatu ya oksijeni iliyoondoka nayo. Fikiria mkalimani anayemwambia mgonjwa, "Tunakutoa damu chafu kidogo kwa ajili ya kipimo." Mgonjwa huyo atalala na wasiwasi usiku kucha bila sababu. Ni afadhali kusema damu yenye oksijeni nyingi na damu yenye oksijeni kidogo. Ni maneno marefu, lakini hayamtishi mtu.

Na tusiwacheke wanafunzi wetu, kwa kuwa hata mabingwa walihangaika sana na swali la njia ya damu. Galeni, tabibu wa karne ya pili, alifundisha kwamba damu hupenya kutoka upande mmoja wa moyo hadi mwingine kupitia vitundu kwenye ukuta wa katikati, na mafundisho yake yalishikwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, tabibu aliyefanya kazi Misri, alikataa. Ukuta ule hauna vitundu, alisema. Damu hupita mapafuni. Mwaka 1628 William Harvey wa Uingereza alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba damu huzunguka. Hoja yake mojawapo ilikuwa ya hesabu tu: katika nusu saa moyo husukuma damu nyingi kuliko iliyomo mwilini mwote, basi lazima ni ile ile inayorudi. Leo tunajua kwamba moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma lita 5 hivi kwa dakika, na lita 5 ndicho karibu kiasi cha damu yote aliyo nayo. Harvey hakuviona vijishipa vyembamba vinavyounganisha ateri na vena, yaani kapilari. Viliandikwa na Marcello Malpighi mwaka 1661, alipochunguza mapafu ya chura kwa hadubini.

Tuje kwenye tumbo. Swali: Chakula hukaa tumboni kwa muda gani? Ikiwa tumbo ni ule mfuko unaopokea chakula kutoka kwenye umio, mlo wa kawaida huondoka humo ndani ya saa 4 hivi. Ikiwa tumbo ni yote yaliyo chini ya mbavu, pamoja na utumbo mwembamba wenye mita 6 hivi na utumbo mpana wenye mita moja na nusu, basi safari huchukua siku nzima na mara nyingi zaidi. Kwenye karatasi ya mtihani andika mfuko wa chakula ukimaanisha ule mfuko. Kwa mgonjwa hali ni tofauti, kwa sababu yeye hajasoma karatasi yako.

Hapa ndipo kazi ilipo. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali na Kyaka II wamo watu wengi waliotoka Kongo, na wengi wao Kiswahili ndiyo lugha wanayoelewana nayo na mhudumu wa afya Mganda. Mama aliyetoka Kivu atasema, "Tumbo inaniuma." Usipoteze muda kuwaza kwamba angesema linaniuma, hicho ndicho Kiswahili cha kwao na kinaeleweka. Lililo muhimu ni kwamba neno lake moja limebeba mfuko wa chakula, utumbo, ini, kibofu na mji wa mimba. Swali linalofuata liwe, "Pole, mama. Nionyeshe kwa kidole, ni wapi?" Akigusa juu upande wa kulia, chini ya mbavu, utafikiria ini na mfuko wa nyongo. Akigusa chini upande wa kulia, kidole tumbo kimo katika orodha. Na akiwa mwanamke wa umri wa kuzaa anayeumwa chini ya kitovu, ulizia siku zake zilikuja lini mara ya mwisho, kwa kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba inaweza kupasuka na kumuua kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Mzungumzaji wa Luganda naye aangalie asije akaleta mazoea ya kwao. Ali lubuto ni kusema mwanamke ana mimba. Lakini kwa Kiswahili ana tumbo huweza kuwa kitambi, na tumbo la kuendesha ni kuhara.

Yapo maneno mengine ambayo jina la kitu cha kawaida limegeuka kuwa jina la ugonjwa. "Nina presha," "Nina sukari." Kila aliye hai ana presha, na asiye na sukari kabisa kwenye damu hawezi kuishi. Mwanafunzi aandike shinikizo la juu la damu na kisukari, lakini akimsikia mgonjwa asimkosoe.

Upungufu wa damu unahitaji maelezo zaidi kidogo. Aliyejeruhiwa na kuvuja damu amepungukiwa na damu yenyewe, ujazo wake. Mwenye anemia anaweza kuwa na lita zake karibu zote, ila damu hiyo ina hemoglobini kidogo: chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 13 kwa mwanamume. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha hubadilishwa. Malaria huzivunja kabla ya wakati wake, minyoo ya safura hunyonya damu matumboni, na chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha huunyima mwili kitu cha kutengenezea nyingine. Kwa Kiswahili yote haya ni "damu imepungua," na ndiyo maana watu wengi huamini kwamba dawa yake ni kunywa kitu chekundu. Juisi ya rosela ni tamu, lakini wekundu wake si madini ya chuma.

Neno moja tu kuhusu moyo. Waganda husema omutima kwa kile kiungo kinachopiga, na omwoyo kwa roho. Omwoyo na moyo yanafanana masikioni, na tumewahi kusoma insha zilizoandika kwamba roho ina vyumba vinne.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa sayansi watakaotaka kukitumia watahitaji maswali yaliyotungwa kwa uangalifu, na sisi tunapenda wanafunzi wetu wawe miongoni mwa watungaji. Kwa ajili ya mazoezi, jaribu haya kabla ya semina ijayo. Figo mbili huchuja karibu lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kwa siku, na mtu hukojoa lita moja na nusu hivi. Eleza nyingine zimekwenda wapi, bila kutumia neno maji kwa maana mbili. Mgonjwa anasema, "Kifua kinanibana". Tunga maswali matatu yatakayokuonyesha kama anazungumzia mapafu, moyo au misuli ya mbavu. Na mwisho, rekebisha swali hili liwe na jibu moja tu: Mshipa mkubwa kuliko yote mwilini ni upi? Majibu yaletwe yakiwa yameandikwa kwa mkono, kurasa zisizidi mbili.